Shahidi au mdhamini, jinai au madai, rufaa au mapitio: shika neno sahihi kabla ya kusaini

Dada mmoja aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kaka yake alimwomba amsindikize kwenda kuchukua mkopo, na huko akaambiwa, "Weka sahihi hapa dada, wewe ni shahidi tu." Chini ya mstari aliosaini palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: MDHAMINI. Kaka aliposhindwa kulipa, barua ya madai ilikuja kwa jina la dada.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kuchapa na kutafsiri nyaraka za kisheria, kwa hiyo maneno haya napita nayo kutwa. Nimeona kwamba neno gumu halimdhuru mtu sana, kwa sababu likimshinda anauliza. Hatari iko kwa maneno mawili yanayokaribiana, ambayo kila mtu anadhani anayajua. Hayo ndiyo nitakayoyaweka bega kwa bega hapa, na kila mara niseme ni wakati gani ushike hili na wakati gani ushike lile. Sheria za nchi hutofautiana kwenye muda na taratibu, lakini mgawanyo wa msingi unafanana karibu kote.

Shahidi, mdhamini, mkopaji mwenza

Shahidi wa sahihi anathibitisha jambo moja tu: kwamba alimwona fulani akisaini. Deni halimhusu. Linaloweza kumpata ni kuitwa siku moja aeleze alichokiona.

Mdhamini anaahidi kwamba mkopaji asipolipa, atalipa yeye. Mkopaji mwenza naye amekopa, hata kama hajaigusa senti ya mkopo huo. Anadaiwa tangu siku ya kwanza.

Kwenye karatasi, mdhamini anaweza kusogezwa hadi awe sawa kabisa na mkopaji, na husogezwa kwa maneno machache ambayo macho huyaruka. Yatafute. La kwanza ni "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Mkiwa wadhamini watatu, usihesabu kwamba wewe una theluthi. Maneno hayo yanampa mkopeshaji ruhusa ya kumfuata mmoja wenu kwa deni lote, na kwa kawaida atamfuata yule mwenye mshahara au mwenye nyumba. La pili ni "atawajibika kama mdaiwa mkuu". Hapo mkopeshaji halazimiki kuanza na mkopaji, anaweza kubisha hodi kwako kwanza. La tatu ni "dhamana endelevu", yaani dhamana inayofunika hata mikopo ambayo mkopaji ataichukua baadaye kwa mkopeshaji yuleyule, wakati wewe umeshasahau kama uliwahi kusaini.

Ukitaka kushuhudia tu, andika neno "shahidi" kwa mkono wako pembeni ya jina lako, na usisaini mahali palipoandikwa vingine hata ukiambiwa fomu ndivyo ilivyo. Ukiamua kweli kumdhamini mtu, dai vitu viwili viandikwe: kiwango cha juu utakachowajibika, na tarehe ambayo dhamana inakoma. Na ikitokea umelipa, tunza kila risiti. Mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji alicholipa kwa niaba yake. Yule dada hakulijua hilo mpaka siku tuliyokaa na karatasi yake.

Neno "dhamana" lenyewe limebeba mizigo mingi mno. Kituo cha polisi na mahakamani, dhamana ni ruhusa ya mtuhumiwa kusubiri kesi akiwa nje, na mdhamini wake anaahidi kwamba mtu huyo atafika kila atakapoitwa. Asipofika, kiasi alichoahidi mdhamini kinaweza kuchukuliwa. Kwenye mkopo, mbali na ile ahadi ya mdhamini niliyoieleza juu, dhamana ni pia mali iliyowekwa rehani. Dukani, dhamana ni ahadi ya muuzaji kwamba kitu kikiharibika ndani ya muda fulani atakitengeneza au atakibadilisha. Kwenye taasisi, wadhamini ni watu walioshika mali kwa faida ya wengine na hawaruhusiwi kuila. Kwa hiyo ukiombwa "uwe mdhamini", jibu la kwanza liwe swali: wa nini, kwa nani, hadi kiasi gani, hadi lini?

Jinai au madai

Kiswahili chetu cha kila siku kinasema "nitakushtaki" kwa yote mawili, na hapo ndipo njia hupotea.

Kesi ya jinai ni ya dola dhidi ya mtu. Wewe uliyeumizwa ni mlalamikaji, na mara nyingi shahidi muhimu, lakini usukani hushikwa na mwendesha mashtaka. Ndiye anayeamua shtaka gani lipelekwe, na katika nchi nyingi anaweza kuliondoa hata kama wewe hujaridhika. Kesi ya madai ni yako mwenyewe: wewe mdai, mwenzako mdaiwa. Unaifungua, unaigharamia, unaweza kuimaliza kwa maelewano siku yoyote.

Mwisho wake pia ni tofauti. Jinai inaishia kwenye hatia na adhabu, yaani kifungo, faini, au zote mbili. Madai yanaishia kwenye fidia, au amri ya kufanya au kuacha jambo fulani. Faini huingia serikalini, fidia huja kwako. Nimewaona watu waliokaa mahakamani miaka, mshtakiwa akatozwa faini, nao wakauliza pesa watapewa dirisha gani. Baadhi ya nchi, Ufaransa ikiwa mojawapo, humruhusu aliyeumizwa kuingiza dai lake la fidia ndani ya kesi ya jinai, lakini hata huko lazima aliombe.

Kisha kuna uzito wa ushahidi. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, jinai lazima ithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi, ilhali kwenye madai inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa zaidi kuliko ya mwenzako. Ndiyo maana tukio moja linaweza kutoa majibu mawili bila mahakama kujipinga. Marekani, Oktoba 1995, O.J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, aliachiwa huru kwenye kesi ya mauaji ya watu wawili. Februari 1997, baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, kwenye kesi ya madai juu ya vifo vilevile likamwona anawajibika, na jumla ya alichotakiwa kulipa ikafika dola milioni 33.5.

Uchague nini? Jiulize unataka nini mkononi mwisho wa siku. Ukitaka mtu aadhibiwe na jamii ilindwe naye, toa taarifa ya jinai. Ukitaka kulipwa, kurudishiwa mali au kuzuia uharibifu, fungua madai. Unaweza kufuata yote mawili, ila angalia saa: madai yana muda wa ukomo, na muda huo unaweza kwisha ukiwa unasubiri jinai imalizike.

Jambo moja linanigusa sana hapa. Mtu anadaiwa, hana, anatishiwa kufungwa. Kushindwa kulipa deni la mkataba, peke yake, ni suala la madai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Ulaghai ni kitu kingine: kama ulichukua pesa kwa uongo tangu mwanzo, hiyo ni jinai. Lakini umaskini wa baadaye si wizi.

Na majina ya watu yasichanganywe. Mtuhumiwa anashukiwa. Mshtakiwa amesomewa shtaka. Mtiwa hatiani ameamuliwa na mahakama. Kabla ya hatua hiyo ya tatu, wote wanahesabiwa hawana hatia, kama lilivyosema Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 katika kifungu chake cha 11.

Kuachiwa huru, kufutiwa mashtaka, kusamehewa

Familia hupiga vigelegele kwa yote matatu, wakati uzito wake haufanani. Aliyeachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa ameshinda, na kwa kawaida hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, ingawa nchi nyingine huruhusu upande wa mashtaka kukata rufaa. Aliyefutiwa mashtaka, kwa mfano kwa sababu upelelezi haujakamilika, ameruhusiwa kwenda nyumbani, na shtaka linaweza kurudi. Aliyepewa msamaha na mkuu wa nchi ameondolewa adhabu, na mara nyingi rekodi ya hatia inabaki. Aliye nje kwa dhamana hayumo kwenye kundi lolote kati ya hayo, maana kesi yake bado iko hai. Ukiambiwa "kesi imeisha", omba nakala ya amri ya mahakama uone ni neno gani limeandikwa.

Upatanishi, usuluhishi, mahakama

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Kuna wanaoliita "usuluhishi" lile zoezi la kukaa na mtu wa kati anayewasaidia mkubaliane. Kuna wanaotumia neno hilohilo kwa mtu binafsi anayesikiliza pande mbili kisha anatoa uamuzi. Nikikutana na neno hilo kwenye mkataba huwa nasimamisha tafsiri kabisa na kuuliza: mtu huyu wa kati anaweza kunifunga kwa uamuzi wake, ndiyo au hapana? Hilo swali ulibebe. Mimi nitasema "mpatanishi" kwa asiye na mamlaka ya kuamua, na "mwamuzi" kwa mwenye nayo.

Mbele ya mpatanishi hakuna mshindi. Mnazungumza, yeye anapita kati, na yanayosemwa humo kwa kawaida hayawezi kutumiwa dhidi yako baadaye mahakamani. Usipotaka unasimama na kuondoka. Mkikubaliana, mnaandika na kusaini, na hapo ndipo panapofunga. Ni njia ya haraka na ya gharama ndogo, na inaacha mlango wazi kwa watu ambao kesho wataonana tena: ndugu, majirani, wazazi waliotengana wenye watoto, wafanyabiashara wanaouziana. Mimi ningeanza hapo karibu kila mara. Siwezi kusema hivyo pale ambapo mmoja anampiga au kumtisha mwenzake. Mtu mwenye hofu hukubali chochote ili atoke kwenye kile chumba, na karatasi itaonyesha amekubali kwa hiari.

Mwamuzi ni kama jaji mliyemchagua na mnayemlipa wenyewe. Anapata mamlaka kutoka kwenye mkataba wenu, mara nyingi kifungu kifupi karibu na mwisho, ambacho kinasema migogoro yote itaamuliwa kwa njia hiyo. Anachotoa kinaitwa tuzo. Jina hilo hudanganya, maana tuzo hapa si zawadi, ni uamuzi, na unaweza kuwa dhidi yako. Faida zake ni faragha, kumpata mtu anayeijua fani yenu, na nguvu ya kuvuka mipaka: kwa Mkataba wa New York wa 1958, zaidi ya nchi 170 zimekubali kutambua na kutekeleza tuzo zilizotolewa nchi nyingine. Hasara yake ni kwamba milango ya kukata rufaa ni michache mno. Mwamuzi akikosea sheria au akipima ushahidi vibaya, mara nyingi mtaishi na kosa lake.

Mahakama ina taratibu nyingi na inachelewa, lakini jaji halipwi na nyinyi, kesi inasikilizwa hadharani, na uamuzi mbaya una mahali pa kwenda. Tena ina mkono ambao mpatanishi hana, nao ni amri ya zuio. Kama nyumba inabomolewa kesho asubuhi, usitafute mpatanishi leo, tafuta zuio la muda. Zuio hilo halisemi nani mwenye haki. Linasimamisha mambo yalipo mpaka haki ijulikane.

Kama bado hamjagombana na mnaandika mkataba, huo ndio wakati wa kuchagua. Kwa biashara ndogo kati ya watu wa nchi moja, ningeandika upatanishi kwanza, kisha mahakama. Kwa biashara kubwa ya kuvuka mipaka, upatanishi kisha mwamuzi.

Barua za majadiliano zina maneno mengine ya kutazama: "bila kuathiri haki". Maana yake ni kwamba ofa iliyomo ni ya kutafuta mwafaka na isije ikasomwa mahakamani kama kukiri. Ukitaka kujitolea kulipa nusu ili yaishe, yaandike juu ya barua. Ukiandika barua ya kutishia tu, isiyo na ofa yoyote, maneno hayo hayakusaidii.

Rufaa au mapitio

Rufaa inapanda juu: unaiambia mahakama ya juu kwamba ile ya chini imekosea sheria au imepima ushahidi vibaya. Mapitio, ambayo wengine huyaita marejeo, yanarudi kwenye mahakama ileile iliyoamua. Unaionyesha kosa linaloonekana wazi kwenye kumbukumbu za kesi, mfano hesabu iliyojumlishwa vibaya, au ushahidi mpya ambao hata kwa bidii usingeupata wakati ule. Kutoridhika tu hakutoshi kwa mapitio. Ukienda nako, utarudishwa, na muda wa rufaa utakuwa umekwisha.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau. Kama hukumu ilitolewa upande mmoja, wewe hukuwepo kwa sababu wito haukukufikia au ulikuwa umelazwa, kwa kawaida mahali pa kuanzia ni mahakama ileile, kuiomba itengue hukumu hiyo na kukusikiliza. Kukimbilia rufaa hapo ni kubeba hoja ambazo hazijawahi kusikilizwa mahali popote.

Na jambo la mwisho kwenye hili, nalisisitiza kwa sababu limewagharimu watu mali: kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu katika mifumo mingi. Omba zuio la utekelezaji kwa maombi tofauti. Vinginevyo rufaa yako inaweza kusubiri kupangiwa tarehe huku dalali yuko getini.

Wosia, hiba, hati ya uwakilishi

Wosia unaanza kufanya kazi siku unapofariki. Kabla ya hapo mali ni yako, unaweza kuubadilisha au kuuchana. Hiba ni zawadi ya leo: ukishakabidhi, mali imetoka mikononi mwako, na kuirudisha ni vigumu. Hati ya uwakilishi, ambayo wengine huiita nguvu ya uwakili, haimpi mtu mali kabisa. Inampa ruhusa ya kutenda kwa niaba yako ukiwa hai.

Kosa ninalolikuta zaidi liko kwenye hii ya tatu. Baba anampa mwanawe hati ya uwakilishi ili ashughulikie kiwanja. Baba anafariki. Mwana anaendelea kuitumia, anauza, anasaini. Lakini hati ile ilikufa na baba. Mnunuzi amelipa pesa kwa mtu asiye na mamlaka, na ndugu wana kila sababu ya kwenda mahakamani. Katika nchi kadhaa hati ya kawaida hukoma hata mapema zaidi, mtoaji anapopoteza akili timamu, isipokuwa iwe ya aina maalumu iliyokusudiwa kudumu. Kama lengo ni kusaidiwa uzeeni, uliza hiyo aina ya pili. Kama lengo ni mali imfikie mtu fulani baada yako, andika wosia. Hiba ishike tu kama uko tayari kuamka kesho bila mali hiyo.

Jozi inayofuatana na hii ni msimamizi wa mirathi na mrithi. Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni ya marehemu, kisha anagawa kwa wanaostahili. Kuteuliwa hakumfanyi mmiliki. Akisema "mahakama imenipa nyumba", mwombe muisome barua ya uteuzi pamoja.

Makubaliano au mkataba

Mkataba ni makubaliano ambayo sheria iko tayari kuyalazimisha. Wengi huamini bila mhuri hakuna mkataba. Uingereza, mwaka 1892, Mahakama ya Rufaa ilisikiliza dai la Bi. Carlill. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilikuwa imetangaza gazetini kwamba italipa pauni 100 kwa yeyote atakayeugua homa ya mafua baada ya kutumia kifaa chake mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, na kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha nia yake. Mama yule akatumia, akaugua, akadai. Kampuni ikajitetea kwamba tangazo si mkataba. Ikashindwa. Kwa hiyo mkataba unaweza kuzaliwa bila sahihi, ingawa baadhi ya mikataba, hasa ya ardhi, kwa kawaida hudai maandishi.

Hati ya maelewano kwa kawaida ni tamko la nia, ila kichwa cha habari hakiamui. Kama ndani kuna kazi, bei, tarehe na ahadi zisizo na "tutajitahidi", mahakama inaweza kuisoma kama mkataba. Usipotaka ifunge, iandikwe wazi ndani yake kwamba haifungi.

Mkataba batili haujawahi kuwapo kisheria, kama ule wa kufanya uhalifu. Mkataba unaobatilika upo na unafunga mpaka aliyeonewa, kwa mfano aliyedanganywa, aamue kuukataa. Ukigundua umedanganywa, usiendelee kupokea faida zake huku ukifikiria. Kuendelea kunaweza kuhesabiwa kwamba umeuridhia.

Wito au hati ya kukamatwa

Wito unakuambia ufike siku fulani, saa fulani, ukiwa mdaiwa, mshtakiwa au shahidi. Hati ya kukamatwa inawaambia askari wakulete. Ya pili mara nyingi huzaliwa na kupuuza ya kwanza, na kwenye madai kupuuza wito huzaa ile hukumu ya upande mmoja. Ukiupokea, tazama vitu vitatu papo hapo: umeitwa kama nani, kesi namba ngapi, na siku ngapi umepewa kujibu kwa maandishi. Kisha andika nyuma ya karatasi tarehe uliyoipokea na jina la aliyekuletea, kwa sababu siku zako zinaanza kuhesabiwa hapo.